Sikio linauma, daktari anachungulia koo: kazi ya bingwa wa masikio, pua na koo

Mwimbaji maarufu akiahirisha onyesho kwa sababu sauti imekatika, maswali huzuka yale yale: kumbe sauti nayo ina daktari wake? Mwingine akisimulia kwamba amepasuliwa pua ili apumue vizuri usingizini, watu hushangaa kusikia kuwa kukoroma hupelekwa hospitali. Halafu yupo yule aliyeamka asubuhi akaona dari inazunguka. Amepima presha, amepima sukari, amebadilisha hata miwani, na dari bado inazunguka. Shida zote tatu ni za daktari mmoja, yule wa masikio, pua na koo, na wengi wetu humfikia tukiwa tumeshazunguka kwa wengine wote.

Huyu ni mtu aliyemaliza kwanza masomo ya udaktari wa kawaida, kisha akasomea ubingwa kwa miaka kadhaa, mara nyingi minne au mitano. Fani yake kitaalamu huitwa otolaringolojia. Jambo moja linalomtofautisha na mabingwa wengi ni kwamba yeye ni tabibu na ni mpasuaji papo hapo. Kwenye moyo, kwa mfano, anayekuandikia dawa ni mmoja na anayekufungua kifua ni mwingine. Hapa ni yule yule: anakupima, anakupa dawa, na ikibidi anakuingiza chumba cha upasuaji mwenyewe.

Eneo lake ni kubwa kuliko jina linavyosema. Ni karibu kila kitu kuanzia sakafu ya ubongo hadi mfupa wa mtulinga, ukitoa macho, meno, ubongo wenyewe na uti wa mgongo. Uvimbe wa shingo ni wake. Tezi za mate ni zake. Saratani za mdomo, koo na zoloto (kiungo chenye nyuzi za sauti) ni zake akishirikiana na madaktari wa mionzi na wa dawa za saratani. Tezi ya shingo inayozalisha homoni hugawanywa: kurekebisha homoni ni kazi ya wengine, ila ikihitaji kukatwa, mara nyingi yeye ndiye anayeshika kisu. Anayeendelea kumhusisha na macho naye ana kisingizio cha kihistoria, maana nchini Marekani madaktari wa macho na hawa wa masikio walikuwa na chama kimoja hadi mwaka 1979.

Kwa nini basi viungo vitatu vikabidhiwe mtu mmoja? Sababu ni ujenzi wa kichwa chenyewe. Fikiria nyumba ya vyumba vitatu vinavyotazama korido moja: moshi ukianzia jikoni, anayekohoa ni aliyelala chumbani. Korido hiyo ni ule uwazi ulio nyuma ya pua na juu ya koo. Pua hufungukia hapo, mdomo nao hufungukia chini yake kidogo, na kutoka kila sikio hushuka mrija mwembamba unaotokea hapo hapo. Mrija huo umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16, na kazi yake ni kusawazisha hewa iliyo ndani ya sikio na ile ya nje. Ndege ikianza kushuka masikio yakaziba, ukameza mate yakazibuka, ni mrija huo uliofunguka.

Ukishaujua mrija huo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Mtoto mdogo ana mrija mfupi na uliolala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana mafua ya wiki hii huwa sikio la wiki ijayo. Nyama za pua, zile zinazoota kwenye korido, zikivimba huziba mdomo wa mrija. Majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto huanza kuonekana mtukutu au mzito darasani kumbe hasikii vizuri. Wazazi hushangaa kuambiwa kwamba ili kuponya sikio la mtoto huyo huenda ikabidi ziondolewe nyama za pua.

Kwa mtu mzima hadithi hubadilika, tena hapa daktari huwa makini sana. Mtu mzima mwenye majimaji katika sikio moja tu, bila mafua yanayoeleweka, lazima achunguzwe nyuma ya pua. Uvimbe unaweza kuwa umekaa juu ya mdomo wa mrija, na mara nyingine uvimbe huo ni saratani. Mgonjwa anasema sikio limeziba, daktari anaingiza kamera puani. Si kwamba amesikia vibaya.

Kuna na mishipa ya fahamu. Inayopeleka hisia za sikio kwenye ubongo ndiyo hiyo hiyo, kwa matawi mengine, inayohudumia meno, taya, tonsili na koo. Ubongo ukipokea taarifa ya maumivu kupitia njia hiyo ya pamoja, unaweza kukosea chanzo. Jino la nyuma lililooza, kiungo cha taya kilichochoka kwa kusaga meno usiku, tonsili zenye usaha, hata uvimbe ulio chini kabisa ya koo, vyote vinaweza kuleta maumivu ya sikio wakati sikio lenyewe ni zima. Mtu amewekewa matone wiki nne mfululizo hapati nafuu, na kila anayechungulia anamwambia sikio ni safi. Sikio safi linalouma ni taarifa muhimu, na kwa mvutaji sigara wa miaka mingi ni taarifa ya kuharakishwa.

Ukitaka ushahidi wa undugu huo, kumbuka yule anayekohoa kila akijichokonoa sikio. Tawi la mshipa unaohudumia koo na mapafu linafika kwenye ngozi ya tundu la sikio. Kuligusa, kwa baadhi ya watu, ni kukohoa.

Na kwa kuwa tumeshafika kwenye kuchokonoa: nta ya sikio si uchafu. Ni mafuta na ngozi iliyokufa, na imewekwa kulinda ngozi isikauke na kunasa vumbi. Ngozi ya tundu la sikio hukua ikisogea kuelekea nje, ikiibeba nta yenyewe polepole, na kutafuna chakula husaidia kuisukuma. Kijiti cha pamba hupitisha safari hiyo kinyume. Pamba inayotoka na rangi ya kahawia humpa mtu moyo, lakini nyingi imeshindiliwa ndani, pale ambapo sikio lenyewe halina namna ya kuirudisha. Tundu hilo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na ukuta wake wa mwisho ni ngoma ya sikio. Mtu akisukumwa kiwiko huku kijiti kikiwa ndani, imekwisha.

Nyuma ya ngoma hiyo kuna vijifupa vitatu vilivyoungana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita tatu hivi, na hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Vijifupa hivyo hupokea mtikisiko wa ngoma na kuupeleka ndani ya kiungo kilichojikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu hivi, kilichojaa majimaji. Humo zimo seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme wa mishipa ya fahamu. Mtu huzaliwa nazo na hazioti upya. Kelele zikiua elfu mbili leo, ndizo elfu mbili za maisha.

Kwa hiyo uziwi, ukiacha majina yake marefu, uko wa aina mbili kubwa. Upo wa njia kuziba au kuharibika: nta, majimaji, ngoma iliyotoboka, vijifupa vilivyoganda. Na upo wa seli na mshipa kuchoka: kelele, uzee, baadhi ya dawa, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa hivyo. Wapo wenye vyote viwili. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, na daktari huanza kuitafuta kwa kipande cha chuma chenye meno mawili, uma wa sauti. Anaugonga kwenye kiwiko chake ukaanza kuvuma, kisha anakuwekea kitako chake katikati ya paji la uso na kuuliza: unausikia upande gani? Mwenye sikio lililoziba huusikia zaidi upande ulioziba, jambo ambalo humshangaza kila mara. Mwenye mshipa uliochoka huusikia zaidi upande usio na shida. Ni sekunde kumi, bila umeme, na jibu lake huthibitishwa baadaye kwenye chumba kisichoingiza kelele na mtaalamu wa kupima usikivu. Mtaalamu huyo, kwa taarifa, si daktari wa upasuaji. Yeye hupima na kuvisha vifaa vya kusikia. Hufanya kazi pamoja na daktari, lakini si mtu mmoja.

Uziwi wa njia mara nyingi hurekebishika. Nta hutolewa. Ngoma iliyotoboka huwekewa kiraka cha utando uliochukuliwa juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe. Kikuku kilichoganda huwekewa kipistoni kidogo badala yake. Uziwi wa seli haurekebishwi kwa namna hiyo, na yeyote anayekuuzia matone ya kuufufua anakuuzia maji. Kuna vifaa vya kuongeza sauti, na kwa aliyepoteza karibu kila kitu kuna kifaa kinachopandikizwa ndani ya konokono na kuusisimua mshipa moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu watu zaidi ya milioni 430 wenye upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Shirika hilo hilo lina mwongozo kwa wenye spika za masikioni: sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikipanda hadi 90 muda unashuka kuwa saa nne tu kwa wiki nzima.

Kuna aina moja ya uziwi ambayo ningependa ikumbukwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Mtu analala anasikia, anaamka sikio moja limekufa, bila maumivu, pengine na mlio. Anadhani ni nta, au maji ya kuoga, anasubiri. Wakati mwingine ni nta kweli. Lakini inaweza kuwa ni mshipa au seli za ndani zilizopata ajali ya ghafla, na dawa za steroidi zinazoweza kuokoa kinachookoleka zinafaa zaidi siku za mwanzo. Kila wiki inayopita nafasi inapungua, na baada ya wiki chache inakuwa ndogo sana. Sikio lililozimika ghafla ni la kuonwa siku hiyo au kesho yake, bila kungoja miadi ya mwezi ujao.

Turudi kwa yule wa dari. Sikio la ndani halisikii tu, linapima pia mwendo wa kichwa, kwa mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Daktari Róbert Bárány wa Vienna aligundua sehemu ya siri hiyo akiwa anasafisha masikio ya wagonjwa kwa maji: maji ya baridi mno au ya moto mno yaliwaletea kizunguzungu, na macho yao yakachezacheza kwa mpangilio unaoweza kutabiriwa. Alitunukiwa Nobeli ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya kiungo hicho cha mizani, na habari zilimkuta akiwa mateka wa vita nchini Urusi.

Kizunguzungu kinachotokea zaidi kutoka sikioni husababishwa na vipunje vya chokaa. Vipo kihalali katika sehemu moja ya sikio la ndani, ila vikichomoka vikaingia mferejini, kila ukigeuka kitandani au ukiinua kichwa kutazama juu, majimaji husukumwa na ubongo huambiwa kwamba unazunguka. Hudumu chini ya dakika moja, kisha hutulia. Tiba yake haina kidonge. Daktari anakulaza, anakigeuza kichwa chako kwa hatua nne au tano, kila hatua nusu dakika au zaidi, hadi vipunje virudi vilikotoka. Mbinu hiyo inaitwa kwa jina la John Epley, daktari wa Marekani aliyeibuni. Nimeona watu waliokunywa dawa za kizunguzungu kwa miezi wakiondoka kitandani hapo wakiwa hawaamini. Si kila kizunguzungu ni cha sikio, bila shaka. Kikija pamoja na kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, hicho ni cha ubongo na ni dharura.

Pua ina mambo machache kwa kulinganisha, ingawa ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Ndani ya mifupa ya uso kuna jozi nne za mashimo ya hewa yanayomwaga ute wake puani, na vijinjia vyao vikivimba ndipo uso unakuwa mzito, hasa ukiinama. Wengi huamini kwamba kamasi ya kijani maana yake bakteria, na maana yake antibiotiki. Rangi hiyo hutokana na chembechembe za kinga za mwili wako zikiwa kazini, na huonekana hata kwenye mafua ya virusi. Kinachomfanya daktari afikirie bakteria ni muda na mwenendo: siku zaidi ya kumi bila nafuu, au nafuu iliyokuja kisha hali ikageuka mbaya tena. Matone ya kuzibua pua nayo yana mtego wake. Yakitumika zaidi ya siku tano hivi, pua huzoea, na yakikatizwa inaziba zaidi ya mwanzo. Mtu huongeza matone, mzunguko unaendelea, na wapo wanaotembea na kichupa mfukoni miaka mitatu wakiamini wana mafua.

Damu ikitoka puani, usiinue kichwa. Kuinua kichwa hakuzuii damu, huielekeza kooni, ukaimeza ukatapika. Inama mbele kidogo, bana ile sehemu laini ya pua (si mfupa), pumua kwa mdomo, hesabu dakika kumi bila kuchungulia kama imekoma. Damu nyingi za pua hutoka kwenye vimishipa vilivyo mbele ya ukuta wa katikati, na kubana huvifikia kabisa. Ikipita dakika ishirini bado inatiririka, au ukiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu, nenda hospitali.

Kwa muda mrefu hakuna aliyewahi kuona koo la chini likifanya kazi ndani ya mtu aliye hai. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, akachukua kijioo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya mdomo wake, akaulenga mwanga wa jua kwa kioo kingine cha mkononi, na akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufunga. Kioo hicho bado kipo kwenye zana za madaktari hawa, ingawa siku hizi hupendelea kamera nyembamba inayopitishwa puani. Haiumi kama watu wanavyoogopa. Inatekenya, inatoa machozi, na imekwisha ndani ya dakika mbili.

Nyuzi hizo ni mbili, na mtu akizungumza hugongana zaidi ya mara mia kwa sekunde, kwa wanawake kama mara mia mbili. Mwalimu au mwimbaji anayezilazimisha kila siku huota vinundu juu yake, na vingi hupungua kwa mazoezi ya sauti kabla ya kisu kutajwa. Lakini sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne, bila mafua ya kuisingizia, itazamwe kwa kamera. Saratani inayoanzia kwenye nyuzi za sauti huwahi kujitangaza kwa kukwaruza, na ikikamatwa hapo wengi hupona. Uvimbe wa shingo kwa mtu mzima usioondoka kwa wiki tatu uko katika kundi hilo hilo, hata kama hauumi. Usiouma ndio unaotia shaka zaidi.

Tonsili ndizo zenye mabishano marefu. Kutolewa hakuporomoshi kinga ya mwili, kwa kuwa tishu za namna hiyo zimetapakaa sehemu nyingine za koo na mwili. Wala si kila anayepata mafindofindo apelekwe kukatwa. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni mashambulizi makali saba ndani ya mwaka mmoja, au matano kila mwaka kwa miaka miwili, au matatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usingizini ana hesabu yake tofauti, naye hasubiri mashambulizi saba. Kimeo kilichoning'inia nyuma ya mdomo hulaumiwa kwa kila kikohozi kisichoisha. Hakihusiki, na kukikata hakuponyi kikohozi bali huleta hatari ya kuvuja damu na maambukizi.

Kwa mengi ya hayo daktari wa kawaida anatosha kwa hatua ya kwanza, naye atakupa rufaa. Yapo yasiyosubiri rufaa. Anayepumua kwa mluzi huku mate yakimtoka kwa kushindwa kumeza, shingo inayovimba haraka, uso uliopooza upande mmoja pamoja na sikio linalotoa usaha. Na batri bapa, ile ya saa na vidude vya kuchezea, ikiwa imeingia puani, sikioni au imemezwa na mtoto. Unyevu wa mwili huiwasha, na mkondo wake unaweza kuunguza tishu ndani ya saa mbili tu. Usimwekee matone sikioni wala puani, maana majimaji huchochea uharibifu, na usijaribu kuitoa kwa kibano ukaisukuma mbali zaidi. Mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na useme wazi mlangoni kwamba ni batri.